Kulainisha puti kwenye tangi la pikipiki: umbo kwanza, ulaini baadaye

Chukua tangi lililopigwa puti (ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, unaokauka ukawa mgumu) na kupakwa rangi ya kung'aa, liweke chini ya taa ndefu ya tyubu, kisha utazame mstari wa mwanga unavyopita juu yake. Tangi lililotengenezwa kwa subira huonyesha mstari unaoteleza kwa mkunjo mmoja, kutoka kwenye kifuniko cha mafuta hadi ukingoni. Tangi lililoharakishwa huonyesha mstari unaoyumba, unaonenepa hapa na kukonda pale, kama kitu kinachotazamwa ndani ya maji. Lipapase kwa ncha za vidole: ni laini kabisa. Aliyelitengeneza alifika hadi msasa namba 600 (namba ikiwa kubwa, msasa ni mlaini zaidi), akahangaikia ulaini tangu mwanzo, na umbo halikuwahi kuwa sawa.

Ndiyo sababu nasisitiza kitu kimoja kwenye mwongozo huu wote. Msasa mlaini hauwezi kurekebisha umbo. Umbo hutengenezwa mapema, kwa msasa mkali, wakati kazi bado inaonekana mbaya. Ukipita hatua hiyo bila kuimaliza, kila utakachofanya baadaye kitakuwa kung'arisha kosa.

Tangi la pikipiki ni gumu kuliko mlango wa gari kwa sababu linapinda pande mbili kwa wakati mmoja: kwa urefu wake na kwa upana wake. Mlango unakubali kibao kirefu kigumu cha kufungia msasa. Kwenye tangi kibao hicho hugusa sehemu ndogo tu na kuikwangua mpaka iwe bapa. Ukikitupa kibao na kutumia vidole vitupu, kila kidole kinachimba mtaro wake. Kazi yote iko katikati ya makosa haya mawili.

Petroli kwanza

Tangi lililotolewa mafuta leo ni hatari kuliko lililojaa. Petroli yenyewe haiwaki ndani ya tangi lililojaa, kwa kuwa hewa haipo ya kutosha. Kinacholipuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi, na tangi "tupu" lina nafasi kubwa ya kutengeneza mchanganyiko huo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni na unaweza kufikia moto ulio mbali na ulipo wewe.

Toa tangi kwenye pikipiki. Fungua koki, floti ya geji na kifuniko. Mwaga mafuta yote, osha ndani kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu, kisha uliache wazi mahali penye upepo siku nzima. Hata baada ya hapo, usilisogezee grainda inayotoa cheche wala moto wa kuchomelea. Rangi ya zamani itoe kwa msasa wa mkono au kwa dawa ya kuondolea rangi.

Likikauka, miminia mafuta kidogo ya injini ndani na ulizungushe ili kutu isianze, lakini hakikisha hata tone halishuki nje, maana mafuta kwenye chuma cha nje yatakataa puti na yatakataa rangi. Ziba matundu yote kwa tepu kabla ya kugusa msasa. Vumbi la puti likiingia ndani litaishia kwenye kabureta au kwenye injekta, na mwenye pikipiki atakuja kulalamika miezi miwili baadaye bila kujua chanzo.

Kama tangi linavuja, puti haitazuia. Petroli itapenya chini yake taratibu na kuibandua. Jaza maji, paka unga wa chaki sehemu unayoishuku, na unyevu utajionyesha. Mvujo uzibwe na mchomeleaji aliyezoea matangi ya mafuta. Hapo usijaribu.

Chuma kabla ya puti

Puti ikishapigwa msasa isizidi unene wa milimita 3 hivi. Pikipiki inatetemeka, injini inapasha joto chini ya tangi, jua linapasha juu, na puti nene huchoka ikapasuka. Kwa hiyo bonde lenye kina lazima livutwe kwanza. Vivutio vya kubandika kwa gundi ya moto vinafaa kwa tangi kwa sababu havihitaji kuchomelea.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni ukingo wa bonde. Chuma kinapobonyea katikati, kando yake huinuka na kuwa kama ukuta mdogo unaozunguka. Usipougonga ukuta huo urudi chini, utalazimika kuinua tangi zima lifikie kimo chake, na hapo milimita 3 zinakwisha haraka. Papasa ukingo, weka alama kwa penseli palipoinuka, na ugonge kwa nyundo ndogo kwa mapigo mengi mepesi. Bora chuma kiwe chini kidogo kuliko juu kidogo: palipo chini puti inajaza, palipo juu hakuna puti itakayokusaidia.

Kisha futa mafuta na nta kwa kisafishio au thina safi, kwa kitambaa kimoja cha kupakia na kingine cha kukaushia. Fanya hivyo kabla ya msasa, kwa sababu ukisugua kwanza unausukuma uchafu ndani ya mikwaruzo. Ondoa rangi na kutu hadi sentimita 5 au zaidi nje ya bonde, kwaruza chuma kwa namba 80, futa tena. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayoshika puti. Chuma king'aacho kama kioo hakishiki kitu.

Ukitaka kinga ya ziada dhidi ya kutu, unaweza kupiga praima (rangi ya chini) ya epoksi kwanza, uikwaruze, halafu uweke puti juu yake. Lakini usiweke puti juu ya praima yenye asidi. Asidi huvuruga ukaukaji wa puti, na utagundua baada ya rangi ya mwisho.

Kuchanganya

Hadina, dawa inayoigandisha puti, ni takriban asilimia 2 ya uzito wa puti, yaani gramu 2 kwa gramu 100. Bila mizani, tandaza puti iwe duara la sentimita 10 lenye unene wa sentimita 1, kisha chora mstari mmoja wa hadina kutoka ukingo hadi ukingo. Kabla ya hapo koroga kopo lote la puti na uminyeminye tyubu ya hadina, kwa kuwa vyote viwili hujitenga vikikaa.

Changanya juu ya plastiki, glasi au bati. Boksi la karatasi linanyonya utomvu wa puti na kukuachia mchanganyiko uliopungua nguvu. Usizungushe kama unakoroga uji. Kunja na ugandamize, kunja na ugandamize, mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Kuzungusha kunaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo vitundu utakavyohangaika navyo baadaye.

Katika joto la nyuzi 20 una dakika 4 hadi 6 za kufanya kazi, na joto likipanda muda huo unapungua sana. Ukiona inakuwahi, changanya kidogo kidogo na ufanye kazi kivulini. Usipunguze hadina ili kujiongezea muda, kwa kuwa puti itabaki kama gundi kwa chini. Ukiizidisha, itakuwa na vitundu vingi na rangi yake inaweza kupenya hadi kwenye rangi ya juu ikaacha doa.

Vaa barakoa ya katriji inayozuia mvuke unapochanganya. Harufu ile kali ni styrene, kemikali iliyomo kwenye puti, na haifai kuvutwa kwa sababu tu umeizoea.

Kupaka kwa kufuata mkunjo

Skrepa ngumu ya chuma iache. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya tairi au tumia skrepa laini ya plastiki, ikunje kwa vidole mpaka ifanane na mgongo wa tangi, kisha uvute. Mkono wa kwanza uwe mwembamba na wa kukandamiza kwa nguvu ili puti iingie kwenye mikwaruzo na hewa itoke. Mkono wa pili ndio wa kujaza. Vuta kwa mikono mirefu ukifuata upande wenye mkunjo mdogo, ambao kwa kawaida ni urefu wa tangi, na upite sentimita 2 au 3 nje ya bonde. Acha puti juu kidogo, kama milimita 1, usijenge mlima. Puti ikianza kuvutika vipande vipande, acha kuigusa.

Baada ya dakika kumi hivi itafika hali ambayo ukucha unaacha alama lakini haugandi. Huo ni wakati mzuri sana wa kutumia kiparuzio chenye meno, mfano wa kile cha karoti. Kinaondoa vilele vyote kwa dakika chache na bila vumbi jepesi. Kipindi hicho ni kifupi. Ukikikosa, subiri puti ikauke kabisa, uanze na msasa namba 40 au 80.

Kupiga msasa

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Kwanza lifunge tangi lisitikisike: liweke juu ya mifuko miwili ya mchanga iliyofunikwa kitambaa safi. Tangi linalocheza linaukata mkono wako mdundo, na mdundo uliokatika unaonekana kwenye umbo.

Vibao vyako viwe vitatu. Cha kwanza ni kipande cha soli ya ndala, urefu wa sentimita 12 hadi 15. Kinapinda kwa kiasi, kinabana kwa kiasi, na kwa sehemu kubwa ya tangi sijapata kitu bora zaidi. Cha pili ni ubao mwembamba au plastiki ya milimita 2 inayopindika, uliobandikiwa msasa, kwa ajili ya mgongo mrefu wa juu. Cha tatu ni kipande cha paipu ya mpira ya rejeta, kwa mashimo ya ubavuni ambamo magoti ya dereva hukaa na sehemu zote zinazobonyea kwa asili yake. Usijaribu kuingiza kibao bapa kwenye bonde la goti. Kitakula kingo mbili na kuacha katikati.

Kila mkono wa msasa uanze kwenye chuma kizima, upite juu ya puti, uishie kwenye chuma kizima upande wa pili. Chuma kizuri ndicho kinachokiambia kibao mkunjo uende wapi. Ukisugua katikati ya puti pekee, unajitungia umbo jipya. Nenda mshazari, kutoka kushoto juu hadi kulia chini, mara kumi. Kisha geuza, kutoka kulia juu hadi kushoto chini, mara kumi. Mikwaruzo ichore msalaba. Kiwiko na kifundo cha mkono vigeuke pamoja na tangi, kibao kikilizunguka kama kiganja kinachopapasa mtungi. Usikandamize. Uzito wa mkono unatosha, na msasa ukiziba upigepige au uubadilishe, kwa maana msasa uliokufa unapasha puti joto bila kuikata.

Pahali ambapo hakuna kibao kinachoingia, tumia mkono, lakini vidole vikae vya kukingama na njia ya mwendo. Vidole vikielekea kule msasa unakoenda, vinachimba mitaro minne.

Msasa huu wote upigwe mkavu, bila maji. Puti ina talki nyingi na hunyonya maji. Maji yakibaki ndani, yanakaa juu ya chuma na kuanzisha kutu chini ya kazi yako. Vumbi lake ni jepesi na linaenea, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi inayobana uso.

Sasa jinsi ya kujua uko wapi. Puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi inayokauka haraka juu ya sehemu yote, si koti kamili, madoa tu. Piga msasa mikono michache ya msalaba, usimame, utazame. Palipobaki peusi ni bonde. Palipotokeza chuma mapema ni kilima. Mambo mawili yanaharibu kazi hapa.

La kwanza ni kulifuata bonde. Unaona doa jeusi la ukubwa wa sarafu, unaelekeza msasa pale mpaka liishe. Doa limeisha, lakini umechimba sahani. Doa jeusi likibaki wakati kote pengine pamefikia umbo, maana yake puti inatakiwa kuongezwa. Ukiiongeza, usitie tone kwenye shimo tu. Vuta safu nyembamba juu ya eneo lote, upite nje ya shimo kwa sentimita kadhaa, kwa sababu tone dogo lina ukingo wake, na ukingo huo utaurithi kama pete. Inaonekana ni kazi ya kurudia. Kwa kweli ndiyo njia fupi.

La pili ni kilima. Chuma kikitokeza katikati ya puti huku pembeni bado pako chini, hakuna msasa utakaokiondoa bila kukikondesha chuma. Simama, kigonge kwa upole, kisha ujaze tena.

Kaa kwenye namba 80 mpaka umbo likamilike. Ikiwa unasema moyoni "namba 180 itamalizia," bado hujamaliza.

Mkono, boksi na jicho

Ncha za vidole zinahisi ulaini. Kiganja kinahisi umbo. Weka kitambaa chembamba cha pamba kati ya kiganja na tangi, fumba macho, na uteleze kutoka chuma kizima, juu ya puti, hadi chuma kizima, polepole, kwa mwelekeo tofauti tofauti. Mimi hutumia mkono wa kushoto, usioshika msasa, kwa kuwa mkono uliosugua nusu saa umekufa ganzi na unadanganya. Ukiwa na shaka, pumzika dakika kumi, urudi.

Tangi lina bahati moja: upande wa pili upo. Kata boksi gumu lifuate mkunjo wa upande mzima sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma, ukipima umbali kutoka kwenye mshono wa kati ili ujue kila moja linakaa wapi. Geuza boksi, uliweke upande unaoutengeneza, na utazame mwanga unaopita chini yake. Mwanga hausemi uongo kama mkono uliochoka. Lakini angalia kwanza kama pande zote mbili zilikuwa sawa toka kiwandani. Matangi mengine yana nafasi ya koki au nembo upande mmoja.

Ukingo ambapo puti inakutana na chuma usihisike kabisa. Ukihisi ngazi, puti imeishia ghafla mno. Iongeze nje kidogo, uipunguze taratibu mpaka ipotee.

Vitundu na mikwaruzo

Umbo likishakuwa sawa, kazi inakwenda mbio. Namba 120, kisha 180, kila moja ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Usiruke kutoka 80 hadi 320: mikwaruzo ya 80 itabaki chini, na itajionyesha wiki kadhaa baadaye praima itakaponywea.

Puliza vumbi kwa kompresa, washa taa kali kutoka pembeni, na utafute vitundu kama vya sindano. Vijaze kwa puti laini ya kumalizia yenye hadina, ukiikandamiza kwa skrepa kutoka pande mbili tofauti. Usiviachie praima. Praima hujenga daraja juu ya kitundu, daraja huzama baadaye, na kitundu kinarudi juu ya rangi iliyokwisha. Malizia kwa 180 kisha 320, bado kwa kibao.

Praima na jaribio la mwisho

Piga praima nene ya kujaza, ile ya vikopo viwili, makoti 2 au 3, ukisubiri kila koti lipoteze mng'ao kabla ya linalofuata. Praima za aina hii huwa na isosaineti, kemikali ya hatari kwa mapafu, kwenye hadina yake. Barakoa ya vumbi haizuii kitu hapo, tumia kinga ya kupumulia inayofaa na mahali penye hewa ya kutosha. Kisha iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na ukiweza uongeze usiku mmoja. Praima iliyopigwa msasa ikiwa bado na thina ndani itaendelea kusinyaa chini ya rangi.

Rudia ukungu mweusi. Sasa kibao cha ndala na namba 400, kisha 600, na hapa maji yanaruhusiwa mradi praima haijatoboka. Ikitoboka ukaiona puti, acha maji mara moja, kausha, piga praima tena sehemu hiyo.

Kabla ya rangi, lowanisha uso kwa kisafishio na uinamishe macho sawa na taa ya tyubu wakati bado unang'aa kwa unyevu. Una sekunde chache kabla haujakauka, lakini zinatosha: mstari wa mwanga ukiteleza bila kuyumba, puti yako imepotea ndani ya tangi. Ukiyumba, weka alama hapo kwa penseli. Kurudi kwenye puti leo ni kazi ya saa moja. Kurudi baada ya rangi ni kuanza upya.

Shingo ya kifuniko iangalie kipekee. Puti isifike kwenye mdomo ambako petroli humwagika wakati wa kujaza. Kingo za rangi pale zifunikwe vizuri kwa klia (koti la juu lisilo na rangi) ya vikopo viwili, ambayo huvumilia petroli kuliko rangi ya kopo la kupuliza. Na mafuta yasirudi ndani ya tangi mpaka klia imalize siku zake zote za kukomaa kama kopo linavyosema, hata kama kwa mguso inaonekana imeshakauka.